Mabadiliko ya Kirusi na Mwendo wa Homa ya Ini B Sugu

Homa ya ini B huitwa sugu pale antijeni ya uso ya kirusi chake inapoendelea kuonekana katika damu kwa zaidi ya miezi 6. Kuanzia hapo maambukizi huweza kudumu maisha yote, na mara nyingi hudumu kimya. Mwenye nayo hulima, huchuuza, huzaa na kulea bila kuhisi lolote, huku ini lake likijeruhiwa na kujiponya tena na tena. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi haya mwaka 2022, milioni 65 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika ya shirika hilo. Mwaka huo huo watu wapatao milioni 1.1 walifariki, wengi wao kwa kusinyaa kwa ini au kwa saratani ya ini.

Wengi wa walioambukizwa hawafi kwa ugonjwa huu. Ndugu wawili walioambukizwa utotoni katika nyumba moja wanaweza kuishia pabaya na pema: mmoja akazeeka na ini zima, mwingine akapata saratani kabla ya miaka 50. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na jinsia, pombe, chakula na nguvu ya kinga ya mwili. Sehemu nyingine imo ndani ya kirusi chenyewe, kwa sababu kirusi kilichomo mwilini baada ya miaka 40 si kile kile kilichoingia siku ya kwanza. Vinasaba vyake vimebadilika, na baadhi ya mabadiliko hayo huenda sambamba na mwendo wa ugonjwa.

Kirusi kidogo chenye jeni zilizopandana

Chembe kamili ya kirusi cha homa ya ini B ina kipenyo cha nanomita 42. Ganda lake la nje limejaa antijeni ya uso, ile ambayo Baruch Blumberg na wenzake walitangaza mwaka 1965 kuwa wameiona katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Ugunduzi huo ulimpatia Blumberg Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Ndani ya ganda hilo kuna kiini cha protini, na ndani ya kiini kuna DNA ya mviringo yenye nyukleotidi zipatazo 3,200 tu. DNA ya binadamu ina zaidi ya bilioni 3.

Katika nafasi hiyo finyu zimo jeni 4. Jeni S hutengeneza antijeni ya uso pamoja na sehemu zake mbili za mbele, preS1 na preS2. Jeni C hutoa protini ya kiini na pia antijeni e, protini ambayo haihitajiki katika kujenga chembe za kirusi bali humwagwa katika damu. Jeni P, ambayo ni ndefu kuliko zote, hutoa polimerasi, yaani kimeng'enya kinachonakili vinasaba. Jeni X hutoa protini ndogo inayochochea kazi ya jeni nyingine, za kirusi na za seli kwa pamoja.

Jeni hizo hazikupangwa moja baada ya nyingine. Zimepandana, hata jeni S yote imo ndani ya eneo la jeni P. Mfuatano mmoja wa nyukleotidi husomwa kwa namna mbili na kutoa protini mbili. Kwa sababu hiyo badiliko moja linaweza kugusa protini mbili kwa mpigo. Kupandana huko hukibana kirusi, kwa kuwa mabadiliko mengi yangeharibu protini moja hata kama yangefaa nyingine. Pia huunganisha mambo yanayoonekana kuwa mbalimbali, kama vile dawa inayolenga polimerasi na kipimo kinachotafuta antijeni ya uso.

Kirusi kikishaingia katika seli ya ini, DNA yake hupelekwa kwenye kiini cha seli na kufungwa kuwa duara kamili linalojulikana kwa kifupi kama cccDNA. Duara hilo hukaa humo kwa miaka, na ndilo linalofanya maambukizi yawe magumu kung'olewa. Kutoka kwake hutolewa nakala za RNA. Moja ya nakala hizo hufungwa ndani ya kiini kipya cha kirusi, na humo polimerasi huibadili tena kuwa DNA. Hii ni safari isiyo ya kawaida kwa kirusi cha DNA: vinasaba hupitia kwanza umbo la RNA, kama inavyotokea katika kirusi cha UKIMWI.

Mabadiliko yanatoka wapi

Polimerasi ya kirusi hiki inafanana na mwandishi anayenakili kitabu kwa kasi bila kurudi nyuma kusahihisha. Haina uwezo wa kutambua nyukleotidi iliyowekwa pasipo pake na kuiondoa. Katika kilele cha maambukizi mwili huweza kutoa zaidi ya chembe bilioni 100 za kirusi kwa siku, kwa hiyo makosa hutokea kila siku karibu katika kila nafasi ya vinasaba. Damu ya mgonjwa mmoja hubeba umati wa virusi vinavyofanana kwa sehemu kubwa lakini vinavyotofautiana hapa na pale.

Mengi ya makosa hayo hufa na chembe zilizoyabeba. Linalobaki ni lile ambalo mazingira ya wakati huo yanalipa nafasi. Kinga ya mwili ikiwa imelala, kirusi cha asili kinachozaliana upesi hutawala. Kinga ikiamka na kushambulia protini fulani, chembe zisizoonyesha protini hiyo huepuka kipigo na kuongezeka. Dawa ikizuia polimerasi, chembe chache zenye polimerasi isiyoshikwa na dawa hurithi ini lote. Badiliko halitokei kwa ajili ya kujibu shambulio. Hutokea kwa bahati, kisha shambulio hulichuja.

Mchujo wa namna hii, ulioendelea kwa maelfu ya miaka katika jamii mbalimbali za watu, ndio uliozaa aina za kirusi zinazotajwa kwa herufi A hadi H, pamoja na I na J zilizoongezwa baadaye. Aina moja hutofautiana na nyingine kwa takribani asilimia 8 au zaidi ya vinasaba vyote. Aina B na C zimeenea Asia ya Mashariki, aina D katika nchi za Bahari ya Kati na Mashariki ya Kati, aina E Afrika Magharibi. Afrika Mashariki na Kusini hutawaliwa na tawi la aina A liitwalo A1, na aina D pia hupatikana. Aina hizi ni muhimu katika habari ya mabadiliko, kwa kuwa badiliko lile lile laweza kuwa rahisi katika aina moja na kuwa gumu katika nyingine.

Hatua za maambukizi

Umri wa kuambukizwa huamua kwa kiasi kikubwa kama maambukizi yatakuwa sugu. Takribani watoto wachanga 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki nayo, ilhali watu wazima wanaobaki nayo hawafiki asilimia 5. Kwa mtoto, kinga ambayo bado haijakomaa hukipokea kirusi bila vita, na inaaminiwa kwamba antijeni e husaidia kuizoesha.

Hatua ya kwanza ya maambukizi sugu huwa na virusi vingi mno katika damu na antijeni e inaonekana, lakini ini halijaumia sana. Hatua hii inaweza kuchukua miaka mingi. Katika hatua ya pili kinga huanza kuzishambulia seli za ini zenye kirusi. Vimeng'enya vya ini, hasa ALT, hupanda katika damu, na makovu huanza kujengeka. Shambulio likifaulu, antijeni e hutoweka na kingamwili zake hutokea. Huo ndio mlango wa hatua ya tatu, yenye virusi vichache na ini lililotulia. Wengi hubaki hapo kwa maisha yao yote.

Wengine huvuka kwenda hatua ya nne: antijeni e haipo, lakini virusi huongezeka tena na ini linawaka. Hatua ya tano, ambayo wachache huifikia, ni ile ya antijeni ya uso yenyewe kutoweka katika damu. Hata hapo cccDNA huweza kubaki ndani ya ini, na kirusi kinaweza kuamka mtu anapopewa dawa kali za saratani au nyingine zinazozima kinga.

Hatua hizi hazina ratiba maalumu na mtu anaweza kurudi nyuma. Kinachozitenganisha ni uhusiano wa kirusi na kinga, na uhusiano huo ndio unaochuja mabadiliko.

Antijeni e inapotoweka na ugonjwa ukabaki

Kwa muda mrefu kutoweka kwa antijeni e kulihesabiwa kuwa dalili ya kirusi kutulia. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Ugiriki na Italia, miongoni mwao Stephanos Hadziyannis na Ferruccio Bonino, walieleza kundi la wagonjwa waliokwenda kinyume na kanuni hiyo. Hawakuwa na antijeni e, walikuwa na kingamwili zake, na bado damu yao ilijaa virusi na ini lao lilizidi kuharibika. Mwaka 1989 William Carman na wenzake walionyesha sababu. Katika nafasi ya 1896 ya vinasaba vya kirusi, herufi G ilikuwa imegeuka A, badiliko linaloandikwa G1896A. Badiliko hilo hugeuza neno la vinasaba linaloagiza asidi ya amino kuwa amri ya kusimama. Utengenezaji wa antijeni e hukatika njiani, lakini protini ya kiini, ambayo usomaji wake huanzia mbele kidogo, hutoka kama kawaida. Kirusi huendelea kuzaliana bila kutoa ile alama ambayo vipimo viliitegemea.

Badiliko hili halikuonekana kwa wingi sawa kila mahali, na sababu yake imo katika umbo la RNA ya kirusi. Nafasi ya 1896 iko katika sehemu ya RNA inayojikunja na kushikana na nafasi ya 1858, na mkunjo huo lazima usimame imara ili RNA ifungwe ndani ya kiini kipya. Katika aina D, nafasi ya 1858 ina nyukleotidi inayoshikana vizuri zaidi na A kuliko G, hivyo badiliko huuimarisha mkunjo. Ndiyo maana lilitamalaki katika nchi za Bahari ya Kati. Katika sehemu kubwa ya aina A, nafasi ya 1858 ina C, ambayo hushikana na G. Hapo G1896A huvunja mkunjo na kudhoofisha kirusi, kwa hiyo huonekana mara chache.

Tawi la A1 la Afrika limefika mahali pale pale kwa njia nyingine. Watafiti wa Afrika Kusini, wakiwemo Michael Kew na Anna Kramvis, walieleza mabadiliko katika nafasi za 1809 hadi 1812, karibu na mahali usomaji wa antijeni e unapoanzia. Mabadiliko hayo huufanya mtambo wa seli upitilize mwanzo huo mara nyingi na kuanza kusoma mbele yake, hivyo antijeni e hutolewa kidogo. Watu wengi wenye kirusi hiki huwa wamepoteza antijeni e wakiwa bado vijana. Ndiyo moja ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini, katika sehemu nyingi za Afrika, watoto huambukizwana wao kwa wao katika miaka 5 ya mwanzo zaidi ya wanavyoambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa.

Badiliko la pili mashuhuri liko nyuma kidogo, katika kichochezi kinachoanzisha utengenezaji wa RNA za jeni C. Hapo mabadiliko mawili huenda pamoja, A1762T na G1764A. Hayazimi antijeni e bali huipunguza, kwa takribani asilimia 70 katika majaribio ya maabara, huku uzalishaji wa kirusi ukibaki ulivyo au ukiongezeka kiasi. Kwa kuwa eneo hilo limepandana na jeni X, mabadiliko hayo mawili hubadili pia asidi mbili za amino katika protini ya X.

Kwa daktari na mgonjwa, matokeo ya haya yote ni mamoja. Jibu la maabara linaloonyesha kwamba antijeni e haipo halitoshi kusema ini liko salama. Linaweza kuwa la mtu aliyetulia katika hatua ya tatu au la mtu aliye katikati ya hatua ya nne. Watu hao wawili hutenganishwa kwa kupima wingi wa DNA ya kirusi katika damu na kufuatilia ALT kwa miezi kadhaa, kwa kuwa katika hatua ya nne vipimo hivyo hupanda na kushuka, na kipimo cha siku moja kinaweza kuangukia wakati wa utulivu.

Kutoka kovu hadi saratani

Kirusi cha homa ya ini B kwa kawaida hakiziui seli za ini. Uharibifu mwingi hufanywa na kinga ya mwili inapoziua seli zilizoambukizwa. Kila shambulio huacha seli zilizokufa, seli mpya zinazogawanyika kuziba pengo, na nyuzi za kovu. Miaka ikipita, kovu huungana na kovu, na ini hugeuka kuwa na vinundu, gumu na lililosinyaa. Hali hiyo ndiyo sirosisi. Mtu mwenye sirosisi ya homa ya ini B huwa katika hatari ya kupata saratani ya ini ya takribani asilimia 2 hadi 5 kila mwaka. Tofauti na magonjwa mengi ya ini, homa ya ini B inaweza pia kuleta saratani bila kupitia sirosisi.

Uhusiano wa wingi wa virusi na saratani ulionyeshwa waziwazi Taiwan, katika utafiti uitwao REVEAL ulioongozwa na Chien-Jen Chen. Watu 3,653 wenye antijeni ya uso walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 11.4. Kati ya walioanza wakiwa na nakala za DNA ya kirusi zisizofika 300 katika mililita ya damu, waliopata saratani ya ini katika muda huo walikuwa asilimia 1.3. Kati ya walioanza na nakala milioni 1 au zaidi, walikuwa asilimia 14.9. Kadiri kirusi kinavyozaliana kwa wingi na kwa miaka mingi, ndivyo ini linavyopigwa zaidi na ndivyo mabadiliko yanavyopata nafasi zaidi ya kutokea.

Utafiti huo huo ulitazama pia mabadiliko yenyewe. Watu wenye A1762T na G1764A walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani kuliko wenye kirusi cha asili. Wenye G1896A, kinyume chake, walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Badiliko lililojulikana Ugiriki na Italia kama alama ya ugonjwa mkali halikuwa hivyo Taiwan, ambako kirusi ni cha aina B na C. Hili linaonya dhidi ya kulipa badiliko moja hukumu ya kudumu. Maana yake hutegemea aina ya kirusi, hatua ya maambukizi na mabadiliko mengine yaliyoandamana nalo.

Kundi jingine la mabadiliko linalohusishwa na saratani ni kukatika kwa vipande vya preS1 na preS2. Protini za ganda zilizopungukiwa vipande hivyo hushindwa kutoka na hurundikana ndani ya seli. Chini ya hadubini seli hizo huonekana zenye ukungu mweupe. Mrundikano huo huiweka seli katika taabu, huharibu DNA yake na kuisukuma kugawanyika.

Njia nyingine haihusu vinasaba vya kirusi bali vya mgonjwa. Vipande vya DNA ya kirusi hujipachika katika kromosomu za seli za ini, na katika saratani nyingi zitokanazo na homa ya ini B vipande hivyo hupatikana. Mara kwa mara huonekana karibu na jeni ya TERT, inayohusika na kuipa seli uwezo wa kugawanyika bila kikomo. Kupachikwa huko huanza mapema, miaka mingi kabla ya dalili yoyote.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada linaloanzia ghalani. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu wa Aspergillus flavus, unaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hii ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya wagonjwa 317 waliripotiwa na 125 kati yao walifariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, hushambulia DNA ya seli za ini na kuacha alama mahususi katika jeni ya TP53, inayolinda seli dhidi ya saratani: katika kodoni ya 249, G hugeuka T. Alama hiyo ilielezwa mwaka 1991 katika saratani za ini kutoka Qidong, China, na kusini mwa Afrika. Utafiti uliofanywa Shanghai ulionyesha jinsi sumu na kirusi vinavyosaidiana. Aflatoksini peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3.4, kirusi peke yake mara 7.3, na viwili pamoja karibu mara 60.

Huenda hali hii ikachangia jambo ambalo madaktari wa Afrika wamelishuhudia kwa miongo mingi, kwamba saratani ya ini huwakuta watu wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi na familia zinazowategemea. Aina ya kirusi nayo ina sehemu yake. Kew na wenzake walikuta kwamba Waafrika Kusini weusi wenye aina A walikuwa katika hatari ya saratani ya ini mara 4.5 kuliko wenye aina nyingine, na waliipata wakiwa na umri mdogo zaidi.

Mabadiliko yanayoletwa na dawa

Lamivudini, dawa ya kwanza ya vidonge ya kuzuia polimerasi ya kirusi hiki, iliidhinishwa mwaka 1998. Ilishusha virusi upesi na haikuwa na madhara makubwa, lakini ilishindwa na badiliko moja katika moyo wa polimerasi, pale panapoitwa YMDD. Asidi ya amino ya 204 ikibadilika kutoka methionini kuwa valini au isolusini, dawa haishiki tena. Karibu robo ya waliotumia lamivudini peke yake walipata usugu huo katika mwaka wa kwanza, na baada ya miaka 5 ilikuwa takribani asilimia 70. Virusi vilirudi, ALT ikapanda, na baadhi ya wagonjwa waliokuwa na sirosisi walizidiwa ghafla.

Entekaviri, iliyofuata mwaka 2005, inahitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja ili ishindwe. Kwa wasiowahi kutumia dawa, usugu baada ya miaka 5 ulikuwa asilimia 1.2. Kwa waliokwisha kuwa na usugu wa lamivudini ulifika karibu nusu, kwa kuwa sehemu ya safari ilikuwa imekwisha kutembewa. Tenofoviri, iliyoidhinishwa kwa homa ya ini B mwaka 2008, imeonyesha uimara mkubwa zaidi. Ufuatiliaji wa miaka mingi haujaibua usugu wa maana.

Historia hii iligusa Afrika kwa njia ya pekee. Lamivudini ni dawa ya UKIMWI pia, na kwa miaka mingi mchanganyiko wa kwanza uliotolewa katika kliniki za Afrika uliibeba bila tenofoviri. Aliyekuwa na virusi vyote viwili alitibiwa homa ya ini B kwa dawa moja dhaifu, mara nyingi bila kujulikana kwamba anayo. Mchanganyiko unaotumika sasa, wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hukabili virusi vyote viwili kwa pamoja. Kwa mtu wa namna hii, kubadilisha dawa za UKIMWI kwa kuiondoa tenofoviri bila kuweka mbadala wa homa ya ini B ni hatari.

Ganda linapobadilika

Kwa kuwa jeni S imo ndani ya jeni P, usugu wa dawa huweza kubadili antijeni ya uso. Njia ya moja kwa moja zaidi ni shinikizo la kingamwili. Mwaka 1990 Carman na wenzake walieleza habari ya mtoto wa Italia, aliyezaliwa na mama mwenye kirusi, akachanjwa na bado akaambukizwa. Kirusi chake kilikuwa na badiliko G145R: asidi ya amino ya 145 ya antijeni ya uso, iliyo pale hasa kingamwili za chanjo zinaposhikia, ilikuwa imebadilika.

Mabadiliko ya namna hii yanaweza kumfanya mtu aonekane hana kirusi kwa baadhi ya vipimo, na huleta taabu katika uchunguzi wa damu ya kuongezewa wagonjwa. Hayajaivunja chanjo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wote wanaozaliwa na mama wenye kirusi mwezi Julai 1984, kisha watoto wote kwa jumla. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 katika miaka ya 1981 hadi 1986, hadi 0.36 katika miaka ya 1990 hadi 1994. Hakuna ushahidi kwamba virusi vinavyoikwepa chanjo vimechukua nafasi ya vile vya kawaida.

Kuukatiza mwendo

Njia zote zilizoelezwa hapa, za makovu, za kukatika kwa preS, za kujipachika katika kromosomu na za usugu wa dawa, zinahitaji jambo moja: kirusi kiendelee kuzaliana. Kinachozuia kuzaliana hupunguza zote kwa pamoja, hata pale ambapo hakuna maabara ya kusoma vinasaba vya kirusi. Kwa hiyo tiba ya kila siku haingoji kujua kama mgonjwa ana G1896A au A1762T. Inategemea wingi wa virusi, ALT, dalili za kovu na hali nyingine za mgonjwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umepanua mlango wa matibabu kwa msingi huo. Hutibiwa mwenye kovu la maana au sirosisi. Hutibiwa mwenye DNA ya kirusi inayozidi yuniti 2,000 kwa mililita pamoja na ALT iliyopanda. Hutibiwa pia mwenye kirusi cha UKIMWI, cha homa ya ini C au cha homa ya ini D, na aliye na ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya ini au sirosisi. Pasipokuwa na kipimo cha DNA, ALT iliyobaki juu kwa muda yatosha kuanzisha dawa. Dawa haing'oi cccDNA, na kwa wengi hutumiwa kwa miaka mingi au maisha yote. Kuiacha bila ushauri wa daktari huweza kukiamsha kirusi kwa nguvu. Mwenye sirosisi huendelea kupimwa ini kwa mawimbi ya sauti kila miezi 6, kwa kuwa hatari ya saratani hupungua bila kwisha.

Hatua yenye nguvu kuliko zote ni ile inayomzuia mtoto asiingie katika safari hii. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, ambayo hutolewa ndani ya chanjo ya pamoja katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ratiba hiyo humkinga mtoto dhidi ya maambukizi ya utotoni, lakini huchelewa kwa yale ya siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa kwa kila mtoto. Mjamzito mwenye virusi vingi hupewa tenofoviri ili kumlinda mwanawe, na mahali ambapo wingi huo hauwezi kupimwa, mwongozo wa 2024 unaruhusu kila mjamzito mwenye antijeni ya uso apewe. Mtoto aliyekingwa kwa njia hizi hana kirusi cha kubadilika kwa miaka 40 ndani ya ini lake, na maradhi yote yanayofuata nyuma ya mabadiliko hayo hukosa pa kuanzia.